Tauni ya 1348: mashekhe, mapadri, madaktari na makarani wa bandari

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa. Aliipenda misikiti yake ya mbao, na akakumbuka kuandika kwamba kila mlangoni palikuwa na kisima: mtu huteka maji, huosha miguu, huipangusa kwenye mkeka, ndipo huingia. Miaka 17 baadaye, Julai 1348, mtu huyohuyo alikuwa Damascus, na huko watu walikuwa wakifa kwa tauni.

Liwali wa mji, Arghun Shah, alituma mpiga mbiu mitaani: mji mzima ufunge siku tatu, na wapishi wa sokoni wasipike mchana. Saumu ilipokwisha watu walijaa Msikiti wa Umayya, wakakesha kwa swala na dua, na baada ya alfajiri wakatoka wote kwa miguu, misahafu mikononi. Maamiri walitembea peku. Wayahudi walitoka na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wanawake na watoto wao, mji mzima ukilia njia nzima hadi msikiti ulio nje ya mji. Ibn Battuta anasema Mungu aliwapunguzia: Damascus vifo havikuvuka 2,000 kwa siku, ilhali Cairo vilifika 24,000. Hizo ni hesabu za msafiri, na msafiri hahesabu maiti mmoja mmoja. Lakini maandamano yenyewe aliyaona.

Nayaanza maelezo haya Damascus kwa sababu picha tuliyoizoea ya tauni ile ni ya Ulaya peke yake, tena ya watu wajinga waliosali, wakafa, wakasali tena. Ukiyasoma maandishi yao unakutana na watu wengine. Walikuwa na majibu matatu kwa swali la "ugonjwa huu umetoka wapi", na wengi waliyashika yote matatu kwa pamoja: umetoka kwa Mungu, umetoka kwenye hewa, au umetoka kwa jirani. Jibu la kwanza lilikuwa na mimbari, la pili lilikuwa na vyuo vikuu. La tatu halikuwa na mwenyewe, na ndilo lililoua watu wasio na hatia, kisha baadaye likaja kuokoa wengine.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Wengi wetu neno tauni tulilikuta kwenye vitabu vya dini. Daudi alipoambiwa achague adhabu, mojawapo ilikuwa siku tatu za tauni. Lushoto, kwenye milima ya Usambara, hawakuhitaji kusoma. Tauni ilizuka huko 1980 na kurudirudi kwa zaidi ya miaka 20. Kinachouleta ni bakteria aitwaye Yersinia pestis, jina linalotokana na Alexandre Yersin aliyemtambua Hong Kong mwaka 1894. Makazi yake ni panya na viroboto wao. Panya wakifa, kiroboto mwenye njaa hutafuta damu nyingine, na aliye karibu ni binadamu. Akimuuma mguuni, bakteria hupanda mpaka kwenye tezi za kinena. Kila aliyewahi kujikwaa kidole kikatunga usaha anaujua mtoki, ule uvimbe unaomfanya mtu achechemee. Sasa chukua mtoki, uufanye mkubwa kama yai, uongeze homa ya kuweweseka, na uhesabu siku tano. Bila dawa, zaidi ya nusu ya wenye mitoki ya tauni hufa. Ukiingia mapafuni mgonjwa hukohoa damu na kuwaambukiza waliomzunguka kwa pumzi, na hapo karibu wote hufa. Leo antibayotiki huutibu, mgonjwa akiwahi.

Karibu na ziwa Issyk-Kul, nchini Kirgizia, kuna makaburi ya Wakristo wa kale ambako mawe mengi ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339, na baadhi yameandikwa kwamba marehemu alikufa kwa tauni. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba meno ya waliozikwa pale yana vinasaba vya bakteria huyo. Kutoka nyika zile tauni ilifika Bahari Nyeusi, na 1346 ilikuwa Kaffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa, mji wa Italia, iliyokuwa imezingirwa na jeshi la Wamongolia. Bila shaka umesikia kwamba Wamongolia walirusha maiti kwa manati juu ya kuta. Aliyeandika hadithi hiyo, Gabriele de' Mussi, hakuwepo, na tauni haikuhitaji manati maadamu panya hupita chini ya ukuta. Iliyomaliza kazi ni meli. Alexandria na Messina ziliingiliwa msimu mmoja wa vuli wa 1347. Mwaka uliofuata zilikuwa zamu za Florence, Paris na London, 1349 Norwei, na kufikia 1353 ilikuwa imekwenda hadi Urusi. Ulaya ilipoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake. Kisha ikarudi 1361, ikachukua vijana wengi kiasi kwamba Waingereza waliita mwaka huo vifo vya watoto, na ikaendelea kurudi kwa vizazi.

Huko Siena, Italia, mwandishi Agnolo di Tura aliandika sentensi moja ambayo sijawahi kuisoma bila kusimama: kwamba yeye, Agnolo, aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Haombi huruma. Anaeleza tu kwa nini hakuna aliyelia: kila mtu alikuwa akingoja kifo chake.

Sasa jibu la kwanza, la Mungu. Kwa wanazuoni wa Kiislamu tauni haikuwa jambo geni. Iliwahi kuwapiga Sham, yaani Syria na nchi jirani, wakati wa Khalifa Omar bin Khattab, mwaka wa 18 wa Hijra, na hukumu zake zilikuwa zimeshatolewa: mkisikia imeingia mji msiuingie, na ikiwakuta mjini msitoke kwa kuikimbia. Muumini anayekufa kwa tauni ni shahidi, kama aliyekufa katika njia ya Mungu. Omar mwenyewe, alipogeuza msafara asiingie Sham, aliulizwa na Abu Ubaida, kamanda wa jeshi lake kule, kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Abu Ubaida alibaki na watu wake, na tauni ikamchukua.

Fundo lilikuwa kwenye maambukizi. Kuna hadithi ya Mtume isemayo hakuna ambukizo, na bedui akauliza: mbona ngamia mmoja mwenye upele huingia zizini na wote wakapata? Mtume akamjibu kwa swali: na yule wa kwanza, nani alimwambukiza? Lakini kuna hadithi nyingine inayokataza ngamia wagonjwa wasichanganywe na wazima. Wanazuoni walitumia karne nyingi kuzilinganisha hizi mbili, na wengi walifika mahali ambapo muumini anaweza kuchukua tahadhari bila kuamini kwamba ugonjwa una nguvu zake nje ya amri ya Mungu.

Aliyelichimba zaidi ni Ibn Hajar al-Asqalani wa Cairo, na hakuandika kutoka mbali. Tauni ilimchukulia mabinti watatu, wa mwisho akiwa mjamzito. Mwaka 1430 watu wa Cairo walifunga siku tatu, wakatoka jangwani kuomba kwa pamoja, kama ilivyofanyika Damascus. Ibn Hajar aliweka hesabu: kabla ya kutoka, vifo havikufika 40 kwa siku, na kabla mwezi haujaisha vilizidi 1,000. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: kunuti, ile dua ya ndani ya swala, na dua nyingine sawa, lakini mkusanyiko wa namna ile hauna asili katika sunna, na lau ungekuwa mzuri wangeufanya waliotangulia. Mimi kinachonishika ni ile hesabu. Shekhe aliyeamini kwa moyo wote kwamba tauni ni rehema kwa waumini alikuwa amekaa na kalamu akiandika idadi ya kila siku.

Upande wa Wakristo hakukuwa na hukumu ya kutokimbia wala bishara ya kufa shahidi. Kulikuwa na dhambi, toba, na padri anayetakiwa afike kitandani kabla roho haijatoka. Mapadri wakafa. Katika majimbo ya England ambako kumbukumbu zimebaki, karibu nusu ya mapadri wa parokia walikufa. Januari 1349 Askofu Ralph wa Bath na Wells aliandikia jimbo lake: anayekata roho na hana padri aungame kwa mtu yeyote wa kawaida, na kama hakuna mwanamume, hata kwa mwanamke. Kwa kanisa la wakati ule maneno hayo yalikuwa mazito mno, na askofu aliyaandika kwa sababu parokia zilikuwa tupu. Papa Clement VI, huko Avignon, Ufaransa, mapapa walikokaa wakati ule, aliubariki mto Rhône ili maiti zilizotupwa humo zihesabiwe zimezikwa kwenye ardhi takatifu. Mtawa John Clyn wa Kilkenny, Ireland, aliacha karatasi tupu mwishoni mwa kitabu chake cha matukio ili kama atasalia mwana yeyote wa Adamu aiendeleze. Mkono mwingine umeongeza chini yake kwamba hapa, yaelekea, mwandishi alikufa.

Pengo hilo lilijazwa na watu wasio na cheo. Ujerumani na Flanders makundi ya wanaume yalizunguka mji kwa mji yakijichapa mijeledi hadharani kwa siku 33 na nusu, moja kwa kila mwaka wa Yesu duniani. Watu walifuta damu yao kwa vitambaa wakaitunza. Papa aliyapiga marufuku Oktoba 1349, na si kwa huruma tu: watu waliokuwa wakijipa msamaha wenyewe hawakuhitaji kanisa.

Na hapa jibu la tatu, la jirani, lilitoka likiwa limevaa sura mbaya. Kama ugonjwa unatoka kwa mtu, basi nani kautoa? Mwaka 1348, katika ngome ya Chillon kwenye ziwa la Geneva, Wayahudi waliteswa mpaka wakakiri kwamba wametia sumu visimani. Nakala za maungamo zikapelekwa mji kwa mji. Tarehe 14 Februari 1349, miezi saba baada ya Wayahudi wa Damascus kutembea na Taurati pamoja na majirani zao, Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, mamia kwa mamia. Mapokeo yanasema 2,000. Tauni ilikuwa haijafika Strasbourg. Madeni waliyokuwa wakidai yalifutwa, na fedha zao zikagawanywa. Papa Clement alikuwa ameshaandika barua mbili za kuwalinda, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Wayahudi nao wanakufa, na tauni inaua hata pale ambapo hakuna Myahudi. Walioshika mienge walijua kusoma kumbukumbu za madeni vizuri kuliko barua ya Papa.

Waliobaki hai walijikuta na bei. Mkulima wa England aliyekuwa akisimama mlangoni kwa bwana kuomba kibarua sasa alifuatwa na mabwana wawili. Serikali iliona hatari kabla hata maiti hazijaisha: Juni 1349 Mfalme Edward III aliamuru mishahara irudi ilivyokuwa 1346, na kila mwenye nguvu chini ya miaka 60 asiye na mali akubali kazi atakayopewa. Sheria ya 1351 ilishuka hadi senti: mvunaji alipwe peni mbili kwa siku wiki ya kwanza ya Agosti, peni tatu ya pili. Ukiona sheria inataja mpaka wiki, jua watu wameshakataa. Mapadri nao waliacha parokia maskini wakaenda kusomea misa marehemu wa matajiri, ambako malipo yalikuwa bora, hata Askofu Mkuu wa Canterbury akalazimika mwaka 1350 kuwawekea kiwango. Mwaka 1381 kodi ya kichwa iliwasha moto, na wakulima wakaingia London. Walishindwa, lakini kamba ya utumwa wa shambani iliendelea kulegea, na kibarua wa karne ya 15 alikula nyama na kunywa bia kuliko babu yake.

Wengi huishia hapo na kusema tauni ilimkomboa mnyonge. Misri inakataa. Kilimo cha kule kilitegemea mifereji na matuta ya mto Nile, kazi ya mikono mingi kila mwaka. Mikono ilipokufa, mifereji ilijaa tope. Maamiri wa Kimamluki, wanajeshi walioitawala Misri, ambao hawakuishi mashambani bali walipokea mapato yake kutoka Cairo, walidai kiasi kilekile kutoka kwa watu waliopungua nusu. Wakulima wakakimbilia mijini, na mashamba yakazidi kuharibika. Ugonjwa mmoja, vifo vinavyokaribiana, matokeo yamepishana kabisa. Aliyemiliki ardhi na maji, na umbali aliokaa nayo, ndivyo vilivyoamua.

Sasa madaktari. Oktoba 1348 kitivo cha tiba cha Paris, mojawapo ya vilivyoheshimiwa zaidi Ulaya, kilimjibu mfalme wa Ufaransa kuhusu chanzo. Tarehe 20 Machi 1345, saa saba mchana, sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi zilikutana katika nyota ya Ndoo, zikavuta mvuke mbaya kutoka ardhini, na hewa ikaoza. Inachekesha mpaka ukumbuke walichokuwa nacho mkononi. Elimu yao ilitoka kwa Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, na tabibu Mwislamu Ibn Sina, ambaye kitabu chake kilisomwa Paris kama kilivyosomwa Cairo: mwili ni mizani ya majimaji manne, na kinachoivuruga kwa watu wengi kwa wakati mmoja lazima kiwe kitu wanachokishiriki wote. Wote wanavuta hewa. Kwa mantiki hiyo wakaagiza moto wa kuni zenye harufu, siki, kuumika damu, na watu wasioge maji ya moto yasije yakafungua vinyweleo. (Yule daktari wa mdomo wa ndege unayemwona kwenye kila picha ya tauni mtandaoni hakuwepo; vazi lile ni la karne ya 17.)

Lakini kitanda cha mgonjwa kilifundisha. Guy de Chauliac, daktari wa Papa Avignon, aliona kwamba kuna tauni mbili: moja ya homa na kutema damu, inayoua kwa siku tatu na kuambukiza vikali, na nyingine ya mitoki, inayoua kwa siku tano. Leo tungesema vivyo hivyo. Aliugua mwenyewe, akapona, na akakiri kwa maandishi kwamba tauni iliwaaibisha madaktari: hawakuthubutu kwenda kwa wagonjwa, na walipokwenda hawakufaa kitu. Granada, dola ya Waislamu kusini mwa Hispania, mwanazuoni Ibn al-Khatib alikwenda mbali zaidi. Maambukizi, aliandika, yamethibitishwa na uzoefu, uchunguzi, hisi na habari za kuaminika: anayemgusa mgonjwa huugua, asiyemgusa hupona, vazi au hereni ya mgonjwa huiangamiza nyumba, na tauni hufika bandarini pamoja na mtu aliyetoka penye tauni. Na andiko likipingana na kile ambacho macho yanashuhudia, andiko ndilo lifasiriwe upya. Kwa mwanazuoni wa karne ya 14 sentensi hiyo ilihitaji kifua.

Ulaya hoja hiyo haikushinda vyuoni, ambako hewa iliyooza iliendelea kufundishwa kwa karne nyingi. Ilishinda kwenye meza za watu wa forodha na mabaraza ya miji, watu ambao hawakuulizwa nadharia. Mei 1348 mji wa Pistoia, Italia, uliandika kanuni zake: nguo kuukuu zisiingizwe mjini, maiti afungwe kwenye jeneza lililopigiliwa misumari, na kengele zisipigwe kwa ajili ya maziko, wagonjwa wasije wakazisikia wakakata tamaa. Soma hizo tatu pamoja uone: nguo ni jirani, jeneza ni hewa mbaya, kengele ni moyo wa mgonjwa. Baraza halikuchagua nadharia, lilifunga milango yote.

Julai 1377 baraza la Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, lilipitisha amri fupi: atokaye mahali penye tauni asiingie mjini mpaka akae mwezi mmoja kwenye kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Ragusa iliishi kwa biashara, haikuweza kufunga bandari. Ikatafuta njia ya kuiacha wazi huku ikingoja. Venice ilijenga hospitali ya tauni kisiwani mwaka 1423, na siku za kungoja zikaongezwa kutoka 30 hadi 40. Kwa lahaja yao arobaini ni quaranta, na ndiko karantini yetu ilikotoka.

Kwa nini 40? Tauni hujitokeza ndani ya wiki moja tangu mtu aambukizwe, kwa hiyo siku kumi zingetosha. Madaktari walikuwa na sababu yao: Hippocrates, tabibu wa Kigiriki wa kale, alifundisha kwamba ugonjwa mkali hauvuki siku ya 40 bila kujionyesha. Mapadri walikuwa na yao: gharika ya Nuhu, Musa mlimani, Yesu jangwani, kwaresima. Karani wa Venice aliyeketi na daftari lake akihesabu siku za baharia kisiwani hakuhitaji kuchagua kati ya hizo. Kwetu pia mzazi hutoka ndani siku ya arobaini, na matanga huhitimishwa kwa arobaini ya marehemu.